Masale Kumi na Moja

Jikoni kwa Bibi hakuna saa, kuna rozari. Imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na shanga zake zimekula moshi miaka mingi mpaka huwezi kujua zilizaliwa na rangi gani. Uji wa asubuhi ni makumi mawili ya Salamu Maria tangu uanze kuchemka. Yai la kuchemsha ni makumi matatu. Kiburu, zile ndizi zinazopikwa na maharage kwenye chungu kimoja, ni rozari nzima pamoja na litania, na kuni zikiwa mbichi unaongeza sala za marehemu wa ukoo, ambao kwetu Kibosho hawajawahi kupungua.

Nilihamia kwa Bibi nikiwa darasa la nne, mama alipopata kazi ya uuguzi Dodoma. Haikupita wiki nikagundua kwamba saa ile ina kasoro moja tamu: unaweza kuikimbiza. Ukisali haraka, chakula kinaiva haraka, au nilivyodhani. Nikafikia hatua ya kumaliza Salamu Maria kumi kwa pumzi mbili, na sidhani kama mbinguni walikuwa wanaelewa zaidi ya neno la kwanza. Basi asubuhi moja Bibi akapasua yai lake, kiini kikamtiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hakugomba. Alilitazama yai, wala hakunitazama mimi, akasema, "Hili halijasaliwa."

Nimeshachapwa shuleni, nimeshasimamishwa mbele ya paredi, nimeshaandikiwa barua ya kwenda kwa mzazi. Hakuna kilichonikaa kama lile yai.

Sasa niko kidato cha tatu, msichana wa miaka kumi na sita, na bora nijitambulishe mwenyewe kabla sijatambulishwa vibaya. Darasani mimi ndiye ninayeigiza sauti ya mwalimu wa nidhamu wakati mwalimu wa nidhamu amesimama nyuma yangu. Kanisani nimetolewa kwenye kwaya mara mbili, mara ya pili kwa kucheka katikati ya wimbo wa mazishi. Nikienda kuungama napeleka orodha ile ile tangu darasa la tano: nimekuwa mvivu, nimesema uongo, nimecheka kanisani, nimekula kabla ya wengine. Padri ameshaizoea. Kuna siku nilisahau moja, akakohoa.

Kwa Bibi orodha ya namna hiyo haipiti. Yeye hajawahi kutenganisha dini na kazi za nyumbani, na kama angepewa mimbari, waumini wangetoka na madekio. Katekista akisema tuchunguze dhamiri, Bibi anasema anza kufagia kwenye kona. Sufuria anazisugua kwa majivu, na nilipomletea sabuni ya unga ya kisasa kutoka Moshi mjini aliniambia majivu hayo hayo Padri anampaka mtu usoni mwanzo wa Kwaresima, sasa sufuria ni nani mpaka yakose kuitosha. Maji ya kusuuzia vyombo lazima yawe safi kuliko ya kuoshea, kwa sababu kutubu kwa maji machafu ni kupaka uchafu mahali pengine. Mimi nilikuwa namjibu kwamba vyombo vya nyumba hii vinatubu mara tatu kwa siku na jioni vinarudia dhambi ile ile ya mtori wa ndizi. Alikuwa ananijibu, "Na wewe je?"

Hapo nilikuwa nainamia sufuria. Si unajua, kuna maswali hayana kichekesho.

Mwaka huu magoti ya Bibi yakagoma. Tangu Jumatano ya Majivu hajapanda kilima cha kwenda kanisani. Alipokea Ekaristi mara moja tu, wiki ya Pasaka, Padri alipozungukia wagonjwa, na tangu hapo Jumapili zake amekuwa akikaa mlangoni na redio ndogo, amevaa kitambaa cha kichwa cha misa, anaitikia peke yake. Mimi nikirudi kanisani ananiuliza somo lilikuwa nini. Kama nililala usingizi, ninatunga. Ameshanikamata mara tatu.

Kwa hiyo habari ilipokuja mwezi wa sita, nikiwa likizo, kwamba misa ya jumuiya yetu ya mwaka huu itasomwa nyumbani kwetu, Jumamosi saa tatu asubuhi, Bibi aliinuka hapo hapo. Alishika ukuta, akaenda kulitoa gauni lake la bluu kwenye sanduku akaliangika ili harufu ya kukunjwa itoke. Ilikuwa bado Jumatatu.

Aliyeleta misa ile kwetu ni bibi mdogo, mwenyekiti wa jumuiya. Yeye ni mjane wa mdogo wake babu, na ni jirani yetu. Babu na mdogo wake waligawiwa kihamba kimoja na baba yao, migomba na kahawa na nyumba humo humo, sisi tukabaki sehemu ya juu, wao sehemu ya chini, na katikati ukapandwa mstari wa masale. Masale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, na huku kwetu mlimani haupandwi kwa urembo. Ukiyaona yamejipanga mstari, hapo ndipo shamba la mtu linapoishia, na karatasi yoyote utakayoleta kutoka wilayani itabidi kwanza iyasalimie. Njia ya kutoka barabarani kuja kwetu inaambaa na mstari huo mpaka uani.

Bibi mdogo ni mtu mwema, lakini husali macho wazi. Jumuiya ikikutana nyumbani kwa mtu, yeye wakati wa nia za maombi anahesabu utando wa buibui. Kuna nyumba moja alimaliza Baba Yetu, akainama, akaokota kijiko chini ya kabati la watu.

Kwa hiyo kazi ikaanza. Bibi alikaa kwenye kiti chake akinipangia: kuosha mapazia, kusugua vikombe vya wageni, kupaka sakafu ya sebuleni rangi nyekundu, kufagia vyumba vyote kuanzia kwenye kona, kutoa mbolea bandani kwa ng'ombe ili Padri asihubiri akiwa ameziba pua, na kusafisha njia. Alisema, "Safisha njia vizuri, mpaka kwenye masale."

Vyumba nilivifagia kwa mtindo wangu. Mtindo wangu ni wa haraka na una siri moja: vumbi la vyumba vyote nililisukuma chini ya kitanda cha Bibi, nikashusha shuka mpaka chini, chumba kikang'aa kama cha hotelini. Nguvu zangu nilizitunza kwa ajili ya njia. Njia itaonekana na watu wote. Chini ya kitanda nani anakwenda?

Na njia ile nilikuwa na mpango nayo. Ilikuwa nyembamba, ya kupita mtu na ndoo yake. Mimi kichwani mwangu nilikuwa ninaliona gari la parokia likiingia taratibu mpaka mlangoni, Padri anashuka bila kukanyaga tope, jumuiya nzima inauliza ni nani aliyefanya kazi hii. Jumanne Bibi akiwa amelala mchana, nikachukua jembe na sururu. Nikang'oa masale kumi na moja yaliyokuwa yameibana njia, nikayasogeza hatua mbili upande wa pili, nikayapanda tena kwa mstari ulionyooka kuliko wa mwanzo, nikasawazisha udongo, nikamwagilia. Nikasimama barabarani nikatazama. Palipendeza kama lango la Askofu.

Utaniuliza, wewe mtoto wa Kichagga hujui masale ni mpaka? Nalijua. Nalijua kama ninavyojua kwamba Mlima una theluji, yaani nalijua mpaka silifikirii. Kwangu yale yalikuwa maua ya pembeni mwa njia ninayopita kila siku nikichelewa shule. Sikuona kwamba nimesogeza shamba. Wala sikuona kwamba mti mmoja wa kahawa wa bibi mdogo, ulioanza kuwa na punje nyekundu, ulikuwa umelala kwao na ukaamkia kwetu.

Jumatano asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi. Nilikuwa nafagia uani nilipomwona bibi mdogo anakuja kwenye njia yangu mpya, anatembea katikati kabisa, polepole, kama mtu anayepima. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikauegemea ufagio.

Alisimama mbele ya Bibi, hakukaa.

"Dada," alisema, "mpaka umetembea."

Bibi alidhani anatania. Akamwambia akae anywe chai. Bibi mdogo akasema chai atakunywa siku kahawa yake ikirudi kwao. Akaeleza: masale yamehamishwa hatua mbili, udongo bado mbichi, mti wake uko upande wetu. Akasema angekuwa mtu wa nje angekwenda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo, lakini amekuja kwanza kwa heshima, aambiwe kama ni baba zangu wa Dar, watoto wa Bibi, ndio wametuma mtu.

Bibi hawezi kufika kwenye ile njia. Hakuwa ameiona. Alinigeukia mimi, nimesimama na ufagio.

"Wewe jana ulikuwa huko. Umeona mtu?"

"Hapana, Bibi."

Na kwa kweli sikuwa nimeona mtu. Sikuwa na kioo. Nakumbuka hata dakika ile, sauti fulani ndani yangu ilijipongeza kwa jibu lile, maana ndivyo nilivyo.

Basi Bibi akaamini. Akanyoosha mkono kwenye msalaba ulioko juu ya mlango, akasema mbele ya msalaba ule hakuna mtu wa nyumba hii aliyegusa masale. Bibi mdogo aliutazama mkono ule mpaka uliposhuka. Kisha akasema polepole kwamba misa itahamia kwake, kwa sababu hawezi kuwapitisha watu wa Mungu juu ya mpaka wa wizi, na wazee wa ukoo watakuja Jumapili kuangalia. Akaondoka.

Kutoka kwetu kwenda kwake ni mteremko wa tope na ngazi za mawe. Kwa magoti ya Bibi, ni mbali kama Nairobi.

Nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba tutambeba, mimi na vijana wa jumuiya, kwenye kiti, kama malkia. Bibi alikuwa ameshachukua kisu na anamenya ndizi. Akasema si suala la kubebwa. Hata Padri akija hapa hapa mlangoni, yeye hatapokea.

"Kwa nini, Bibi? Wewe hujafanya kitu."

"Mdogo wangu ana neno na mimi. Siwezi kufungua mdomo kupokea huku mtu wa nyumba ya pili akiniita mwizi. Mpaka tupatane."

Akaendelea kumenya. Gauni la bluu lilikuwa bado linaning'inia dirishani nyuma yake.

Nikafanya anachofanya kila mkosaji mwenye akili: nikaamua kurudisha vitu kimya kimya. Mchana nikashika jembe, nikatokea njiani na mluzi mdomoni. Bibi mdogo alikuwa ameshahamisha kigoda chake. Ameketi katikati ya masale yangu kumi na moja, beseni mapajani, anapukuchua mahindi. Alinitazama, akatazama jembe. Nikamwambia ninakwenda kuchimba minyoo ya kuvulia samaki. Hakuna mtu amewahi kuvua samaki kwetu, mfereji wetu wenyewe unafika magotini. Alisema, "Haya, nenda ukavue." Aliporudi kwake jioni, akamwacha mjukuu wake pale na mbwa.

Alhamisi Bibi alisema tusafishe hata kama misa haiji. Hilo sikulielewa. Nilimwambia kwamba wageni hawaji, sasa tunamsafishia nani? Akaniambia nisogeze kitanda chake, anataka sakafu ya chini yake ipigwe deki.

Nilijaribu kila njia. Nikasema kitanda ni kizito. Nikasema godoro litaumia. Nikasema labda kuna nyoka. Bibi aliinuka kwenye kiti, akashika kichwa cha kitanda yeye mwenyewe, kwa magoti yale, akaanza kukivuta. Ikabidi nisaidie.

Vumbi la nyumba nzima lilikuwa pale. Nywele, manyoya ya kuku, karatasi ya pipi niliyoila Jumanne, mpaka ganda la yai. Lilikuwa limekaa vizuri, limesukumwa kwa mstari ulionyooka, kazi ya mtu anayejua kazi. Bibi alilala juu ya uchafu ule siku mbili, ndani ya chumba kilichong'aa.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalitazama kama alivyolitazama lile yai.

"Vumbi halijui njia ya kwenda chini ya kitanda," alisema. "Kuna mtu amelionyesha."

Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari. Kimoja kilikuwa kizuri kweli. Nilifungua mdomo nikitoe, na kilichotoka ni kingine.

"Bibi, masale ni mimi."

Nikaeleza yote, la gari, la lango la Askofu, la hatua mbili. Nikasema kwamba jana nilivyojibu sikuona mtu, nilijua ninachofanya. Kila neno lilikuwa linatoka na tope lake. Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama alipoapa mbele ya msalaba nilikuwa nimesimama pale. Nikasema ndiyo, na ufagio. Akafumba macho. Ningependa kusema alinipiga, ingekuwa rahisi kusimulia.

Baadaye aliniambia nifagie kwanza, nianze kwenye kona. Nikafagia. Nilitoa vumbi lile mpaka shimo la taka, nikapiga deki, maji ya pili safi kuliko ya kwanza. Nilipomaliza akasema niende kukata jani moja la isale.

Hapa nieleze kidogo. Mmea ule ule unaoweka mpaka ndio huku kwetu unaoombea msamaha. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale lililofungwa fundo. Akilipokea, yamekwisha. Kulikataa ni jambo zito, hata watu wenye roho ngumu wanaliogopa. Lakini halipelekwi na mtoto. Linapelekwa na mtu mzima mwenye maneno mazuri, siyo na binti aliyefukuzwa kwaya mara mbili. Bibi alijua hivyo kuliko mimi. Alisema angekwenda mwenyewe, magoti hayataki, na kosa si lake. Akalifunga lile jani fundo kwa vidole vyake, akanifundisha kulishika kwa mikono miwili na kutolishusha mpaka lipokelewe.

"Na usichekeshe," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Nilikwenda Ijumaa asubuhi. Bibi mdogo alikuwa nyuma ya nyumba anachuja maziwa aliyotoka kukamua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya mtu anayefunga mlango. Aliliona jani. Akamaliza kuchuja. Akaosha chujio, akalianika. Akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko cha paka. Akafunga keni ya maziwa. Vichekesho vyote nilivyowahi kuvisema maishani vilikuwa vimejipanga kooni vinaomba nafasi. Nilitazama paka.

Hatimaye akakaa kwenye kigoda akasema, "Sema."

"Bibi mdogo, masale nimehamisha mimi. Bibi alikuwa hajui. Ameapa kwa sababu aliniamini."

"Ulitaka shamba?"

"Nilitaka njia iwe pana. Gari la Padri lipite."

"Padri anakuja na pikipiki," alisema. "Gari la parokia liko gereji tangu Pasaka."

Siku ile ndiyo nilijua kwamba nimegombanisha wazee wawili wa ukoo kwa ajili ya gari lililokuwa halina injini.

Aliniuliza kama ninajua alisema nini usiku kwa Mungu kuhusu Bibi. Nikasema sijui. Akasema ni vizuri nisijue. Kisha akalikazia macho jani.

"Hilo umelikata wapi?"

"Kwenye mstari. Kwenye yale ambayo sikuyagusa."

"Upande wa nani?"

Ikabidi nifikiri. "Lilikuwa limeinamia kwenu."

"Yaani unakuja kuniomba msamaha kwa isale langu."

Niliona kona ya mdomo wake inacheza. Kicheko kikanijia kwa kasi, kikafika mpaka puani, nikakiacha kipite. Sidhani kama nimewahi kufanya hivyo kabla ya siku ile. Bibi mdogo alinyoosha mkono, akalipokea jani, akalichomeka kwenye paa la banda, pale pale juu ya kichwa chake.

Baada ya hapo hakuna hotuba. Alichukua jembe akanipa. Tukaenda njiani, akamfukuza mbwa, akanionyesha kila shimo la zamani lilipokuwa. Anayajua mashimo yale kama mtu anavyojua meno yake. Nilipoanza kung'oa, akagundua nilivyoyapanda Jumanne: juu juu, mizizi imekunjwa, udongo umepigwa viganja ili upendeze. Akasema yangekufa yote kabla ya mahindi kukomaa. Nikachimba upya, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kila nilipodhani limetosha, alisema bado. Yalinichukua mpaka saa nane, na mgongo wangu ulijua idadi yake bila kuhesabu. Jumanne kazi ile ile nzima ilinichukua saa moja na nusu.

Kisha bibi mdogo akapanda kwetu na jagi la maziwa. Akamkuta Bibi mlangoni. Walizungumza Kichagga, haraka, kwa sauti ya chini, vichwa vimekaribiana, na mimi nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa ili nisikie. Niliambulia kidogo. Bibi alisema mkono wake ulioapa umeuma tangu jana nilipomwambia ukweli. Bibi mdogo akaushika. Halafu akasema kitu kuhusu ule mti wa kahawa, kwamba umerudi nyumbani salama, haukuteswa ugenini, na Bibi akacheka mpaka akashika goti. Mimi nimetumia miaka sita kujaribu kumchekesha namna ile.

Misa ikarudi kwetu, na Jumamosi walikuja. Pikipiki ya Padri ilipita vizuri kabisa kwenye njia nyembamba, na tope lilimfika magotini kama alivyozoea. Nyumba ilijaa, wengine walikaa uani kwenye mabenchi. Kabla misa haijaanza nilimwona bibi mdogo anaingia chumbani kwa Bibi eti kuweka mkoba, na kupitia mlangoni nikaona anainua shuka ya kitanda, anainama. Alitoka akanipita bila neno. Hiyo kwake ni medali.

Bibi alikaa kwenye kiti chake na gauni la bluu. Wakati wa kupeana amani, bibi mdogo alikuwa wa kwanza kumfikia, akakaa hapo hapo karibu naye. Padri alipomjia na Ekaristi, Bibi alifumba macho na kufungua mdomo kama mtoto anayelishwa uji, na mikononi alikuwa na rozari ya jikoni, nyeusi tii, kati ya gauni safi na kitambaa cheupe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Sikucheka, sikutunga chochote. Nilitazama tu, mpaka alipomeza.

Sasa ikaja chai, na mwenyekiti akaagiza Padri achemshiwe mayai. Nikakimbia jikoni, nikaweka sufuria, nikanyoosha mkono kwenye msumari. Msumari mtupu. Saa ilikuwa sebuleni, mikononi mwa mwenyewe.

Basi nikahesabu kwa vidole. Nilisali makumi matatu kwa mwendo wa Bibi, neno kwa neno, moshi ukinitoa machozi, na nilishangaa jinsi sala ile ilivyo ndefu ukiisema yote. Yai la Padri lilipasuka safi, gumu, la kukatwa kwa kisu. Bibi alilitazama kutoka kwenye kiti chake, akanitazama na mimi.

La kwangu nililiweka baadaye, likiwa la mwisho. Nilifika kumi la pili vizuri tu. Kisha bibi mdogo akaingia kuchukua vikombe, na mimi nikamuuliza kama pikipiki ya Padri ikiegeshwa upande wake usiku mmoja inakuwa ya nani. Alicheka mpaka akaweka vikombe chini. Tulivyomaliza kucheka nilikuwa nimesahau nimefika wapi, nikalitoa kwa kukisia.

Nikalipasua mlangoni, nikitazama Padri anavyoshuka taratibu kwenye ile njia ya kupita mtu na ndoo yake, majani ya masale yakimpangusa tope la goti upande mmoja. Kiini kikanitiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nikalila hivyo hivyo.